Mwanafalsafa na Mpangaji: Utawala wa Mwalimu Nyerere katika Mitaa ya Kinondoni na Temeke

Swali la kama wanafalsafa wa kweli ndio watawala bora lilipewa sura yake mashuhuri na Plato wa Athens, ambaye katika kitabu chake cha Jamhuri, kilichoandikwa katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alishikilia kwamba dhiki za miji hazitakoma mpaka wanafalsafa watawale au wale wanaotawala waifuate falsafa kwa dhati. Mwanafalsafa aliyekusudiwa hapo si msomi mwenye maneno mengi, bali ni mtu aliyejifunza kwa miaka mingi kuitafuta haki ilivyo, na ambaye, kwa kuwa anaupenda ukweli kuliko cheo, huyapokea madaraka kama wajibu. Plato aliongeza sharti zito, kwamba walinzi wa mji, yaani tabaka la watawala na askari, wasimiliki nyumba zao wenyewe, wala ghala, wala dhahabu, bali waishi kwa posho watakayopewa na raia. Mwanafunzi wake Aristotle hakuridhika, na katika kitabu chake cha Siasa alijibu kwamba zipo kazi ambazo fundi si hakimu wake bora: nyumba huhukumiwa vizuri zaidi na anayeishi ndani yake kuliko aliyeijenga. Historia ya mitaa ya Dar es Salaam iliyo nje ya kitovu cha jiji, kuanzia Magomeni, Manzese na Msasani upande wa Kinondoni hadi Tandika, Mtoni na Kigamboni upande wa Temeke ya zamani, inatoa nafasi adimu ya kuzipima hoja hizo mbili kwa matukio, kwa sababu tangu Uhuru wa 1961 hadi 1985, ukiondoa karibu mwaka mzima wa 1962, nchi iliongozwa na mtu aliyesoma falsafa, aliyeandika falsafa, na aliyejaribu kuitawala nchi kwa falsafa hiyo.

Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki, akasoma Mwisenge, Tabora na Makerere. Akiwa Makerere katika miaka ya 1940 aliandika insha ndefu kuhusu hali ya wanawake, akitumia hoja za John Stuart Mill, mwanafalsafa wa Uingereza wa karne ya 19, kuyahoji maisha aliyoyaona nyumbani kwao. Insha hiyo ilichapishwa mwaka 2009, miaka 10 baada ya kifo chake, kwa jina la Uhuru wa Wanawake. Kutoka 1949 hadi 1952 alisoma Chuo Kikuu cha Edinburgh, ambako falsafa ya maadili, yaani taaluma inayochunguza yapi ni mema na kwa nini, ilikuwa miongoni mwa masomo yake. Aliporudi alifundisha katika shule ya Mtakatifu Francis, Pugu, na alipotakiwa kuchagua kati ya ualimu na siasa mwaka 1955, mwaka mmoja baada ya chama cha TANU kuzaliwa tarehe 7 Julai 1954, aliuacha ualimu. Jina la Mwalimu lilibaki kwake mpaka kufa.

Jambo ambalo waandishi wengi hulipita haraka ni kwamba njia yake ya kwenda Ikulu ilipita Uswahilini. Katika miaka ya mwisho ya ukoloni aliishi Magomeni, katika nyumba ya kawaida ambayo leo ni makumbusho, na alikaa katikati ya watu waliokichangia chama na kumpokea kijana kutoka Musoma asiyekuwa na ndugu mjini. Wakoloni walikuwa wameugawa mji kwa rangi: Uzunguni kandokando ya bahari, Uhindini katikati penye maduka, na Uswahilini kwa Waafrika, na baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia waliiongezea Uswahilini maeneo mapya ya Ilala, Temeke na Magomeni, pamoja na nyumba za serikali zilizoitwa kota. Penye viwanja vilivyogawiwa watu binafsi, nyumba iliyojengwa kila mahali ilikuwa ni ile inayoitwa nyumba ya Kiswahili: baraza mbele inayoelekea mtaani, mlango mmoja wa kuingilia, korido inayopita katikati hadi uani, vyumba vitatu kila upande, na huko uani jiko, bafu na choo vinavyotumiwa na wote. Mwenye nyumba hukaa chumba kimoja au viwili na hivyo vingine hupangisha, kila chumba kwa mpangaji wake, kwa kodi ya mwezi.

Nyumba hiyo ilikuwa zaidi ya makazi. Katika mji ambao kazi ya mshahara ilikuwa haba na pensheni ilikuwa ya wachache, chumba cha kupangisha ndicho kilichokuwa akiba ya uzeeni, mtaji wa biashara na bima ya mjane. Wanawake wengi wasiosoma shule, ambao ofisi za serikali zisingewaajiri, waliuza vitumbua, maandazi na pombe, wakaweka kidogo kidogo, wakanunua bati na miti, na hatimaye wakawa wenye nyumba. Kwenye baraza za nyumba hizo ndiko kulikofanyika vikao vya kwanza vya TANU mitaani, na wanawake waliovijaza waliongozwa na Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa ngoma aliyekuwa na nguvu ya kukusanya umati kuliko mwanasiasa yeyote wa mjini wakati huo.

Tendo la kwanza la Nyerere lililostahili jina la mwanafalsafa lilikuja mapema mno hata likawashangaza wafuasi wake. Tarehe 22 Januari 1962, wiki sita tu baada ya Uhuru, alijiuzulu Uwaziri Mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa serikali, na akautumia mwaka huo kukijenga upya chama na kuandika. Vijitabu vya mwaka huo, hasa kile cha Ujamaa na kile cha Tujisahihishe, ni maandishi ya mtu anayeamini kwamba chama kisichojikosoa hakiwezi kuongoza. Ng'ambo ya bandari, Kigamboni, Chuo cha Kivukoni kilikuwa kimefunguliwa mwaka 1961 kuwafundisha watu wazima kutoka chama, vyama vya wafanyakazi na ushirika, kwa mfano wa Chuo cha Ruskin cha Oxford, na Joan Wicken, Mwingereza aliyekuwa katibu wa Nyerere kwa miaka mingi, alikuwa mmoja wa waliokihangaikia. Hapo Nyerere alimzidi Plato, kwa maana Plato aliwachagua wachache tangu utotoni na kuwafunza kwa miongo kadhaa kabla ya kuwapa mji, ilhali Kivukoni ilimchukua karani au mkulima aliyekwisha kuwa mtu mzima, ikamfundisha uchumi, historia na siasa, ikamrudisha kwao akatumike.

Miaka iliyofuata ilimbana. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa kambi ya Colito, ambayo sasa ni Lugalo, kwenye barabara ya Bagamoyo, waliasi kudai mishahara na kuondolewa maofisa wa Kizungu, na serikali ililazimika kuomba msaada wa majeshi ya Uingereza kuyazima maasi hayo. Sheria ya kuweka watu kizuizini bila kuwashtaki ilikuwa imekwisha kupitishwa tangu 1962. Mwaka 1965 mfumo wa chama kimoja ukawa sheria. Kuanzia hapo yule aliyeandika juu ya kujisahihisha alikuwa na uwezo wa kumnyamazisha yeyote aliyetaka kumsahihisha, na uwezo huo ndio unaolifanya swali la Plato kuwa gumu.

Mwezi Oktoba 1966 ulionyesha ubora wake na hatari yake kwa wakati mmoja. Serikali ilikuwa imeamua kwamba wahitimu wa vyuo wajiunge na Jeshi la Kujenga Taifa kwa lazima, na sehemu kubwa ya mshahara wao ikatwe katika kipindi hicho. Tarehe 22 wanafunzi wa Chuo Kikuu kilichokuwa Mlimani, katika eneo ambalo kwa miaka mingi lilikuwa la Kinondoni na sasa ni la Ubungo, waliteremka mjini wakiwa wamevaa majoho yao ya chuo, wakabeba mabango, moja likidai kwamba heri ya ukoloni, wakapokewa Ikulu. Nyerere alisikiliza, akajibu kwa hasira iliyochanganyika na aibu. Alikubali kwamba mishahara ya wakubwa, ukiwamo wake, ilikuwa mikubwa mno katika nchi ya wakulima maskini, akatangaza kuukata wake kwa asilimia 20 na kwamba vigogo wengine wangekatwa pia, kisha akawafukuza wanafunzi wapatao 400 warudi makwao. Hoja ya kuwatetea wanyonge ilikuwa yake. Ila waliomkumbusha kwamba wakubwa wanalipwa sana walikuwa ni hao hao aliowafukuza. Wengi wao walirudishwa baadaye, lakini somo lilikwisha kueleweka Mlimani.

Kutoka mkasa huo hadi Azimio la Arusha, lililotangazwa tarehe 5 Februari 1967, ni miezi mitatu na wiki mbili, na uhusiano wa mambo hayo mawili ni wa wazi. Azimio lilitaifisha benki na njia kuu za uchumi, lakini sehemu yake ya kifalsafa kabisa ni ile iliyoitwa miiko ya uongozi: kiongozi wa TANU au wa serikali awe mkulima au mfanyakazi, asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asiwe na mishahara miwili, na asiwe na nyumba ya kupangisha. Sharti la mwisho linafanana sana na lile la Plato kwa walinzi wake, nalo ndilo lililogonga mlango wa Uswahilini. Kwa Nyerere, kodi ya nyumba ilikuwa ni unyonyaji, yaani mtu kuishi kwa jasho la mwenziwe, na tangu 1958, katika kijitabu cha Mali ya Taifa, alikwisha kupinga ardhi kuuzwa na kununuliwa kama bidhaa. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu kubwa dhidi ya waziri anayejenga majumba ya kupangisha mabalozi. Lakini katika Magomeni na Temeke mwenye nyumba mara nyingi alikuwa ni mama mtu mzima anayelala chumba cha kwanza kushoto, anayetumia choo kile kile cha wapangaji wake, na ambaye kodi ya vyumba vitatu ndiyo mshahara wake wote. Miiko haikumlenga raia wa namna hiyo moja kwa moja, ila kila aliyetaka uongozi katika chama ilimtaka achague.

Bibi Titi Mohamed alichagua. Mwaka 1967 alijiuzulu katika Kamati Kuu ya TANU kwa sababu ya sharti la nyumba, na yeyote anayeyajua maisha ya wanawake wa mjini wa kizazi chake anaelewa kwamba nyumba za mwanamke asiye na vyeti vya shule hazikuwa anasa. Mwaka 1969 alikamatwa kwa tuhuma za uhaini, mwaka 1971 akahukumiwa kifungo cha maisha, na mwaka 1972 akatolewa kwa msamaha wa Rais. Uhaini na miiko ni mambo mawili tofauti na hayafai kuchanganywa. Hata hivyo, inapasa kusemwa wazi kwamba falsafa iliyoandikwa kwa ajili ya mawaziri iliikosesha TANU mwanamke aliyeifungulia milango ya Uswahilini, na hapakuwa na baraza ambalo hoja yake ingejibiwa kwa hoja. Viongozi wengine hawakupinga hadharani kama yeye. Waliandikisha nyumba kwa majina ya watoto na jamaa, wakabaki na vyeo vyao.

Kwa upande mwingine, miiko hiyo ilifanya jambo ambalo vizazi vilivyofuata vimelikosa. Kwa zaidi ya miaka 20 kiongozi wa Tanzania aliyejilimbikizia mali alijua kwamba anavunja kanuni iliyoandikwa, na mwananchi wa kawaida alikuwa na kipimo cha kumpimia. Nyerere mwenyewe aliishi ndani ya kipimo hicho. Aliishi Msasani badala ya Ikulu, na alipostaafu hakuwa na utajiri wa kuulizwa ulikotoka. Katika bara ambalo marais wengi wa wakati wake waliacha akaunti nje ya nchi, huo ni ushahidi mzito kwa upande wa Plato, na hauondolewi na makosa yanayofuata.

Kuhusu makazi yenyewe, serikali ilianza kwa kukosea na ikajirekebisha kwa namna inayofundisha. Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa mwaka 1962, lilianza kubomoa nyumba za udongo na makuti katika maeneo kama Magomeni na kujenga nyumba bora mahali pale pale, lakini kila nyumba mpya iligharimu fedha nyingi huku watu waliohamia mjini wakiongezeka kila mwaka, na ubomoaji haukuongeza vyumba kwa kasi iliyotakiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mkakati huo uliachwa, na kwa mkopo wa Benki ya Dunia ukaanza mpango wa viwanja na huduma, ambamo serikali hupima viwanja, hupitisha barabara, maji na mifereji, na kumwachia mwananchi ajenge mwenyewe. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni zilizaliwa kwa mpango huo. Manzese, iliyokuwa imekwisha kujengeka bila ramani, haikubomolewa bali ilipelekewa barabara na maji, na awamu iliyofuata ikafika Mtoni, Tandika na Mbagala. Uamuzi wa kuiacha Manzese isimame ulikuwa na hekima kuliko hotuba nyingi za wakati ule, na haukutoka katika kitabu chochote cha Ujamaa. Ulitokana na kukiri kwamba watu wa Manzese walikwisha kuamua jinsi ya kuishi mjini.

Hekima hiyo haikudumu mahali pengine. Mwaka 1972 serikali ilianzisha mfumo wa Madaraka Mikoani, ambao kwa jina uliahidi kupeleka uamuzi karibu na wananchi lakini kwa matendo ulizivunja serikali za mitaa na kuweka mahali pake watumishi walioteuliwa na serikali kuu. Katika Dar es Salaam matokeo yalionekana kwa macho na kwa pua: taka hazikuzolewa, mifereji iliziba, barabara za ndani zilichimbika, na hofu ya kipindupindu ikawa sehemu ya masika. Mpangaji wa Tandika aliyeona maji machafu uani kwake hakuwa na diwani wa kumwendea. Alikuwa na mjumbe wa nyumba kumi, kiongozi wa chama anayesimamia nyumba zipatazo kumi, ambaye aliweza kusuluhisha ugomvi, kuandika barua ya utambulisho na kusambaza maagizo kutoka juu, lakini hakuwa na bajeti ya hata toroli moja. Halmashauri za miji zilirudishwa mwaka 1978, na kazi ya kuanza upya ilikuwa kubwa.

Mpangaji asiye na ajira alikutana na falsafa kwa njia ngumu zaidi. Ujamaa uliweka heshima ya binadamu katika kazi, na kwa Nyerere kazi ya heshima kuliko zote ilikuwa kilimo. Basi kijana aliyeuza karanga Manzese alihesabiwa kuwa mzururaji hata kama aliilisha familia yake kwa karanga hizo. Katika miaka ya 1970 watu waliokamatwa mjini walipelekwa vijiji vya Ujamaa vilivyo pembezoni, na Gezaulole, kusini mwa Kigamboni, ni miongoni mwa vijiji vilivyopokea watu wa namna hiyo. Mwaka 1983, wakati uchumi ulikuwa umeumizwa na bei ya mafuta, ukame, kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977 na gharama za vita vya Kagera, ilikuja sheria ya Nguvu Kazi, iliyomtaka kila mtu mjini aonyeshe kitambulisho cha kazi inayotambuliwa. Waliokamatwa walipakiwa magari kwenda mikoani na mashambani, na wengi wakarudi kwa miguu yao ndani ya muda mfupi. Wakati huo huo mshahara wa mtumishi wa serikali ulikuwa hautoshi kufika katikati ya mwezi, na kaya za Kinondoni na Temeke ziliishi kwa kuku waliofugwa uani, kwa bustani za mchicha, kwa magenge na kwa maandazi, yaani kwa kazi zile zile ambazo sheria ilikuwa haizitambui. Hapa Aristotle anashinda bila shaka, kwa kuwa waliokuwa ndani ya nyumba walijua mapema kuliko mjenzi kwamba paa linavuja.

Mlimani nako palikuwa na wenye hoja. Jarida la wanafunzi la Cheche, lililoikosoa serikali kwa mtazamo wa Kimarx, lilipigwa marufuku mwaka 1970. Mwezi Machi 1978 wanafunzi waliandamana tena, mara hii wakipinga nyongeza ya marupurupu ya mawaziri na wabunge, hoja ambayo Nyerere wa 1966 angeisaini. Polisi waliwazuia njiani na mamia wakafukuzwa chuo. Tukio hilo linahuzunisha kuliko la 1966, kwa sababu wanafunzi hawa hawakudai maslahi yao bali waliulinda moyo wa Azimio dhidi ya walioapa kulilinda.

Heshima ya Nyerere kama mwanafalsafa iliokolewa na aliyoyafanya alipokuwa akiyaacha madaraka na baada ya kuyaacha. Aliondoka kwa hiari mwaka 1985, akawaaga wazee wa Dar es Salaam, wale ambao tangu siku za TANU wamekuwa kama baraza ambalo mtawala huenda kujieleza mbele yao. Alikiri kwa uwazi kwamba kuzifuta serikali za mitaa na vyama vya ushirika kulikuwa kosa ambalo asingelirudia. Na Tume ya Jaji Francis Nyalali ilipoeleza mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwamba asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee na 20 walitaka vyama vingi, alisimama upande wa mabadiliko, akiona kwamba sauti ya hao 20 haifai kupuuzwa. Mwaka 1991 Azimio la Zanzibar lililegeza miiko ya uongozi, na viongozi wakaruhusiwa kumiliki yale yaliyokatazwa mwaka 1967. Yeye hakulipenda, na historia ya mali za viongozi tangu hapo inampa haki.

Uamuzi unaowezekana kwa ushahidi huu ni kwamba mwanafalsafa alikuwa mtawala bora pale falsafa ilipomfunga yeye mwenyewe na wenzake wenye vyeo, na alikuwa mtawala wa kawaida, wakati mwingine mkali, pale ilipomfunga mpangaji wa Manzese asiyekuwa na mahali pa kujibu. Uamuzi huo, hata hivyo, umesimama juu ya mizani isiyo sawa. Hotuba na vitabu vya Mwalimu vimehifadhiwa, nyumba yake ya Magomeni inatunzwa, ilhali madaftari ya wajumbe wa nyumba kumi, stakabadhi za kodi, barua za waliopelekwa mashambani na kumbukumbu za wanawake waliojenga vyumba sita kwa fedha za vitumbua vinaoza makabatini au vinakufa na wenyewe. Walioyaona mambo hayo kwa macho wakiwa watu wazima sasa ni wazee sana. Vyuo, ofisi za kata, misikiti, makanisa na wajukuu wenye simu za kurekodia wana kazi ya kuwaendea wazee hao wa Magomeni, Tandika na Gezaulole, kuwauliza kwa adabu na kuyaandika majibu yao kama walivyoyasema, kabla ya masika mengine kupita.